Puli Nyepesi na Kosa Ulilonibebea

Mjomba wangu mpendwa,

Jana Saidi, mtoto wa mama mdogo, alirudi kutoka mjini Pemba na puli ya lori letu, ile kubwa ya mbele ya injini inayozungusha mikanda. Ya zamani mpira wake umekufa. Hii mpya ni ya alumini, inang'aa kama sufuria ya harusi, haina mpira hata chembe. "Mano, ndugu yangu, nyepesi hii," akaniambia. "Injini itavuta, gasoleo ya kujaza tangi itapungua." Familia nzima ikakaa mkekani kungoja neno langu, maana tangu ututoke mimi ndiye dereva na ndiye fundi. Lori hili likifa, hatuna kula.

Nilikukumbuka, mjomba. Ulinifundisha kusikiliza injini kwa bisibisi, ncha kwenye chuma, mpini sikioni. Nikikosea ulinicheka: "Wewe masikio yako ya kupambia kichwa tu." Asante kwa utani ule. Asante kwa muhogo wa kuchoma wa Olumbi, ambao ulikuwa ukiniachia kipande kikubwa ukisingizia meno mabovu.

Lakini shukrani kubwa ni ya siku ile ya Awasse. Ulikwenda msibani ukaniachia lori. Mpira wa puli ulikuwa umelegea, nami nikajiona fundi, nikazichomelea pete mbili za chuma zinazoushika mpira ule zikawa kitu kimoja. Safari ya tatu, tumejaza magunia ya makopa ya muhogo, kambota, ule mhimili wa injini unaozungusha puli, ikakatika pale njia panda. Ulipofika uliinama ukaitazama kazi yangu. "Mpira ndio unaomeza mtetemo," ulisema. "Ukiuondoa, chuma kinajitafuna chenyewe." Hukunigombeza.

Nyumbani walipouliza, ukajibu, "Nimechomelea mimi." Nilitaka kusema, ukaniminya mkono. Baadaye ukaniambia kwamba kwetu kosa la mpwa hubebwa na mjomba wake. Lori lililala miezi, watu walilala na njaa, na mama, dada yako wa tumbo moja, akakununia mpaka ukaingia kaburini. Nami nilinyamaza. Nilikuwa mwoga, na kulindwa ni kutamu.

Basi jana nikawaambia hatuifungi, tutafute puli ya kawaida yenye mpira, hata iwe imetumika. Bila mpira kambota itakatika tena. Saidi akacheka.

"Hayo kakufundisha mjomba? Si ndiye aliyeiua kambota ya kwanza?"

Wakacheka wote. Mama akaguna, "Huyo msinitajie."

Ningeweza kukubali ile alumini, mambo yakaisha. Nikasema, "Aliyechomelea ni mimi. Mjomba alinibebea tu."

Saidi aliifunga tena puli kwenye kitambaa ilichokuja nacho. Mama alijifunika uso kwa kanga.

"Kila Idi alikuja mlangoni kwangu," akasema. "Kila Idi, mwanangu. Na mimi sikumfungulia."

Asante, mjomba, kwa mkono wako siku ile, na unisamehe kwamba ulinifaa kuliko nilivyokufaa. Leo mama ameniomba nimsindikize kaburini kwako. Tutakuja kwa miguu, lori bado linangoja puli yake. Mimi nitasimama pembeni. Yeye ndiye mwenye maneno na wewe.

Lala salama,
Mpwa wako