Mapipa Yaliyojaa Uani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia na dada hakuchoshi kwa maneno. Mimi sijambo, nimenenepa kidogo, na furaha niliyo nayo leo haienei kifuani. Kaa chini, vaa miwani, usome polepole.

Kazi yetu unaijua: tunakusanya mafuta yaliyokwisha kukaangiwa na kuyageuza dizeli. Nisilowahi kukueleza ni kwamba kila mapipa kumi ya dizeli yanatuachia pipa moja la gliserini chafu, uji mzito wa rangi ya kahawa ambao hakuna aliyeutaka hata bure. Tukawa tunayapanga mapipa uani. Ua ukajaa, yakahamia kwenye maegesho, mpaka mhasibu akawa anapita ubavuubavu kwenda chooni. Wakaguzi wa mazingira walipokuja, wakampa meneja miezi sita: mapipa yaondoke au kiwanda kifungwe. Watu arobaini, Mama, na mimi mmoja wao.

Meneja akaniita, akasema mkemia ni mimi, nitafute njia. Nilijua gliserini inaweza kugeuzwa kuwa dawa ya rejeta, ile ya kupozea injini, ukiipasha moto kwa presha pamoja na gesi ya haidrojeni na kichocheo cha shaba. Lakini haidrojeni ni ghali, na kuiweka ni hatari. Nikahangaika wiki sita. Mara tatu mtambo wangu mdogo ulinitolea kitu cheusi kama lami. Mchomeleaji wetu, tunayemwita Bolti kwa ufupi wake, akanifariji kwamba nikikosa dawa ya rejeta, angalau tutaweka lami barabarani.

Siku moja nilikuwa nimesimama kando ya tangi tunamochemshia gliserini ili kuondoa methanoli, ile spiriti ya kutengenezea dizeli, inayobaki ndani yake. Nikashtuka. Methanoli hiyohiyo, ikikutana na joto na shaba, hutoa haidrojeni! Kumbe tulikuwa tunateketeza mafuta kumfukuza mgeni tunayemtafuta. Nikaiacha humohumo. Nikaondoa chumvi tu, maana ndiyo iliyokuwa ikiua kichocheo, na Bolti akachomelea bomba ndani ya bomba, ili joto la kinachotoka lipashe kinachoingia. Asubuhi ya jaribio, tone la kwanza likatoka safi kama maji. Bolti alipiga ukelele hadi wapishi wa kantini wakatoka mbio wakidhani ni moto. Vipimo vikaonyesha kwamba katika kila sehemu mia za gliserini, themanini zimegeuka kuwa kile tulichokitaka.

Tuliijaribu kwenye jenereta letu wiki tatu, ikafanya vizuri. Lakini mwenye gereji ya mabasi, ambaye ndiye angekuwa mnunuzi wetu, akasema hanunui maneno. Alitaka kuona injini kuukuu, inayopanda mlima na mzigo, ikitumia dawa yetu miezi mitatu bila kuchemka wala kushika kutu.

Mama, sasa naungama. Injini hiyo ni yako. Nilipokuja likizo, mchana mmoja ulipojilaza, nilifungua rejeta ya pikapu, nikamwaga maji yako ya bomba na kutia dawa yangu. Najua umeapa kwamba kwenye gari lako hatii mtu kitu ila wewe. Na kila nilipokuja kukuoshea gari, ukawasifia majirani kwamba mwanao amekua na adabu, nilikuwa nachota sampuli kwenye kichupa. Gari halichemki tena mlimani, lakini si kwa sababu ya ule waya uliofungia kifuniko cha rejeta, ingawa umewatambia madereva wote. Nisamehe.

Sampuli zako ndizo zilizomshinda mwenye gereji. Amesaini. Ua unaanza kuonekana sakafu, na mhasibu anapita kifua mbele. Meneja aliposikia injini ilikuwa ya nani, alicheka hadi machozi, kisha akasema mzigo wa kwanza usibebwe na gari jingine. Mzigo unatoka kiwandani Jumatatu saa tatu asubuhi, kwa pikapu yako, wewe ukiwa kwenye usukani. Njoo, hata kama unakuja kunigombeza. Nigombeze tukiwa njiani, nitakaa kiti cha mbele.

Wasalimie dada na wanawe, na jirani wa mlango wa pili. Mungu akulinde barabarani.

Ni mimi mwanao,
Kitinda mimba