Neno la Mtu Asiyeulizwa

Mushaki, Masisi
Tarehe 21 Septemba 2025

Mpendwa dada Emérita,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Baridi ya huko imeanza? Na mgongo je, bado unakusumbua kwa kuyainamia yale maandishi yako ya Kiebrania? Sisi tuko, tunamshukuru Mungu. Goti la Mama linauma mvua ikikaribia, na mimi malaria imeniacha juzi tu. Viazi vimetoka vidogo. Nimechoka, dada, na uchovu wenyewe si ule wa kulala ukaamka umekwisha.

Mnara wa simu haufanyi kazi, lakini hata ungefanya, Mama asingekubali upate habari hii kwa simu. Namkabidhi barua Joséphine-Marie, binti wa baba mdogo, anayeshuka Goma, naye atatafuta njia ya kukufikishia. Keti kwanza. Ni habari ya mdogo wetu Dusabimana.

Unajua alivyoondoka na pikipiki, amebeba fromaji, zile jibini zetu, za kuuza Walikale, arudi na mawese, na vita ikafunga njia nyuma yake. Miaka miwili kimya. Majirani walisema asiyekuwepo na lake halipo, lakini Mama kila mavuno alimtengea debe lake la maharagwe. Mke wake Uwitonze alibaki nasi, analima, anamkanda Mama goti, halalamiki.

Mwaka huu Hakorimana, seremala wa Kingi aliyefiwa na mke, akaanza kumposa. Uwitonze alimtaka, alinieleza mwenyewe akiangalia chini. Padri akasema bila shahidi wa kifo hawezi kuwafungisha ndoa. Mama akasema mwanawe hajafa. Nikabaki katikati, kila mmoja ananivuta upande wake.

Kijana mmoja wa pikipiki alikuwa ametuletea koti la Dusabimana, eti limeokotwa njiani. Mama alilikataa. Koti linaazimwa, alisema, na linaibwa pia.

Ndipo ulipopiga simu siku ya Pasaka, tukaweka sauti kubwa wote tusikie, ukatusimulia ile karatasi uliyokuwa ukiisoma pale maktaba ya chuo kikuu. Mwanamke wa Kiyahudi, huko Misri ya zamani, mume amekwenda biashara hakurudi, naye si mke si mjane. Ulisema majaji wao walikataa nguo kuwa ushahidi wa kifo, kwa sababu nguo huazimwa. Mama akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Lakini ulisema pia walimhurumia yule mama, wakakubali neno la mpita njia, hata wa dini nyingine, mradi awe anasimulia mambo yake tu na hakuna aliyemuuliza. Mtu wa namna hiyo hana sababu ya kudanganya. Mimi nilikutania kwamba tulikutuma usome Biblia uwe sista, ukatuletea mume na masanduku ya ngozi zilizoandikwa. Mama hakucheka, na sikujua alikuwa amesikiliza kiasi gani.

Mwezi uliopita alikuja Papa Mbusa, mfanyabiashara wa Butembo mwenye depo ya bidhaa Kashebere, kwenye njia ya Walikale. Alitaka maharagwe. Hakuwahi kufika kwetu, hakujua sisi ni nani. Tukiwa tunashona magunia akawa anasimulia walivyoteseka wakati wa vita. Akasema:

"Tulizika kijana mumoja nyuma ya depo yangu. Muchuuzi wa fromaji. Jina yake hatukujua. Mukono wa kushoto, kidole kidogo hakikuwako."

Unakikumbuka kidole hicho. Wewe ndiye uliyemfunga kwa kitambaa chako siku alipojikata na panga akikatia ng'ombe majani.

Mama alikuwa anachagua mawe katika maharagwe. Aliendelea mpaka ungo ukaisha. Papa Mbusa akaaga, akaenda zake. Nikaanza kubisha, nikasema vita imekata vidole vya watu wengi. Mama akaniambia:

"Ule papa, hakuna mutu alimuuliza. Ndiyo ule mutu wa karatasi ya Emérita."

Kisha akalia, dada. Alilia kama hajawahi kulia, na Uwitonze amemshika.

Padri alimwita Papa Mbusa, akaupokea ushuhuda wake. Misa ya marehemu imesomwa. Jumapili Mama alimwita Uwitonze mbele yetu sote akamwambia yuko huru, na Alhamisi akamsindikiza mpaka barabarani na godoro lake na jembe lake. Tusamehe kwamba tumelia bila wewe. Lia sasa, na sisi tutakuwa pamoja nawe.

Nilidhani baada ya hayo nitapumua. Mama ameamini, mke amefunguliwa, padri ametosheka. Lakini pikipiki ikisikika kutoka upande wa Masisi, mimi bado naacha jembe na kumtazama anayeendesha. Hebu tafuta humo katika masanduku yenu. Wale majaji waliwahi kuulizwa na ndugu wa tumbo moja, yeye aache lini kungoja? Kama walimjibu, niandikie walichosema.

Mama anakusalimu na kukubariki. Mke wangu Murekatete anakusalimu, na baba mdogo Sebarenzi vilevile. Mungu akupe mtu wa kukushika mkono ukimaliza kusoma, na atukutanishe tungali hai.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, niliyebaki,
Jérôme Nzabandora