Siku Niliyojifanya Mtu wa Kasanda

Mjukuu wangu Neema,

Hatujambo hapa Murungu. Maharage yamechanua vizuri, na babu yako amenunua redio ambayo haruhusu mtu kuigusa. Shangazi yako anakusalimu.

Umeniuliza uwajibu nini wenzako wa bwenini wakitaka kujua wewe ni wa wapi hasa. Nami niliulizwa hivyo nikiwa na miaka kumi na sita. Tulikuwa hatujamaliza mwaka tangu tutoke Burundi, na nilichukia kuitwa mkimbizi. Siku hiyo, sokoni Kibondo, mama mmoja muuza mihogo aliniuliza kwetu ni wapi. Nikamjibu kwa Kiha, lugha ya wenyeji niliyoibabaisha tu, kwamba ni Kasanda, kijiji nilichokuwa nimekisikia jina tu.

"Kasanda ndiko kwangu," akasema. "Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikainama, nikajifanya nachagua mihogo. Yule mama alicheka mpaka khanga ikamdondoka begani.

"Ukidanganya tena, sema wewe ni wangu. Angalau utapata shahidi. Haya, niambie kwenu hasa ni wapi."

Nikamweleza yote kwa Kirundi, ambacho hakiko mbali na Kiha, naye akaelewa kila neno. Tangu hapo, kila siku ya soko niliketi kando yake.

Miaka minne baadaye alikuja kwetu kuniposa kwa ajili ya mwanawe, ndiye babu yako. Siku ya harusi ndipo nilipokanyaga Kasanda kwa mara ya kwanza. Mama mkwe akawaambia majirani, "Huyu ni wa hapa tangu zamani. Alishasema mwenyewe."

Ni mimi bibi yako, ninayekuwaza kila siku.