Mbasa wa Mchezo

Mama, shikamoo. Mjukuu wako Neema amemaliza sasa hivi kumla mbasa wa mchezo, yule samaki tunayemgombea mimi na mume wangu wa jukwaani. Jana kwenye mazoezi akina mama wa hapa Lituhi, kando ya ziwa, walitucheka: "Ninyi wa milimani, kasia mnalishika kama jembe."

Nina maneno machache tu ya kusema, ila nikiyasema vizuri leo, kiongozi wa kikundi atanipa nafasi kwenye michezo ya msimu mzima, hata ule wa Mbinga utakaokuja kuuona. Jirani kaniletea mbasa mwingine, lakini huyu bado anarukaruka. Pole na kuchuma kahawa, Mama, usijichoshe, tunakukumbuka sana.

Wananiita: "Mama Neema, panda na samaki wako." Akiniponyoka mbele ya watu nitajifanya ndivyo mchezo ulivyo.