Kwa Kondo, Kocha wa Nusu Fainali

Mpendwa shemeji Kondo,

Huko uliko kaa vizuri kwanza, maana anayekuandikia si mtu mdogo. Hapa Tabora, kuanzia stesheni ya reli mpaka Isikizya, uliza yeyote, watakwambia soka la vyuo katika mkoa huu lingekuwa limekufa zamani kama si mimi na pampu yangu ya baiskeli. Mwaka ule Chuo cha Mlimani walipobeba kombe la vyuo vya kanda ya magharibi, mpira wa fainali uliishiwa upepo zikiwa zimebaki dakika chache. Wa akiba hakuna. Mwamuzi kashika kiuno. Nani aliitwa? Niliitwa mimi, fundi baiskeli wa Kanyenye. Nikaufumua, nikaziba blada kwa kiraka na gundi ya solusheni, nikaujaza kwa kipimo ninachokijua mimi peke yangu, na shuti la kwanza baada ya hapo ndilo lililoleta goli. Kombe lile kwa haki lilipaswa kukaa nyumbani kwangu, juu ya kabati la vyombo. Ulilijua hilo vizuri, ila roho yako ya Kizaramo haikukuruhusu kukiri.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Darasa la sita niliacha, mwalimu alipoona nitampita. Ijumaa ni arobaini yako, na dada yangu Tausi, mkeo, amesema nitasimama niisome mbele ya watu wote, na watu wasipocheka nisikanyage tena nyumbani kwake. Ana haki. Mimi ni mtani wako mara mbili, kwa ushemeji na kwa kabila, Mnyamwezi na Mzaramo tangu babu zangu walipokuwa wakibeba pembe za ndovu kwenda kwenu. Na siku ya msiba wako nilikuacha utoke mlangoni bila neno hata moja. Umati wote ule ukisubiri utani, mimi kimya. Jioni Tausi alinikuta uani, akaniambia kwa sauti ndogo, "Kaka, mume wangu umemzika kama mgeni."

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Kwa hiyo nisikilize, nakutania sasa.

Unakumbuka ulivyokuja? Umekonda kama fito, na sanduku la mbao ulilolitengeneza mwenyewe, umeletwa kufundisha useremala Chuo cha Bondeni. Ukaja kibandani kwangu na pancha. Nikakwambia, "Mzaramo, hata tairi limechoka kukubeba." Ukacheka. Tausi akaja kuniletea ugali na mlenda, ukaacha kucheka. Kesho yake pancha. Keshokutwa pancha. Wiki tatu mfululizo, mchana ule ule, dakika zile zile za chakula changu. Nikaja kuchomoa kwenye tairi msumari mdogo wa seremala, mpya, unang'aa. Nikauweka kiganjani, nikakutazama. Ukasema, "Shikamoo shemeji," na wakati huo wala sijakuwa shemeji yako, na umri tuko sawa. Nikajibu marahaba. Ningefanyaje? Hakuna mwanamume mwingine Tabora aliyewahi kulitoboa tairi lake mwenyewe kila siku kwa wiki tatu.

Basi ulikuwa hivyo hivyo na kwenye mpira. Walipokupa timu ya Bondeni nilidhani utaiacha baada ya msimu mmoja. Ukakaa nayo miaka yote, na kila mwaka nusu fainali. Wa tatu, wa nne, wa tatu, wa tatu, wa nne. Kombe hata la kuazima hukuwahi kulishika. Nilikuita Kocha Nusu mbele ya wanafunzi wako, nikakuita hivyo sokoni, nikakuita hivyo kwenye harusi ya mwanao mkubwa nikiwa na kipaza sauti. Nilisema, "Jamani, leo ameshinda, kwa sababu harusi haina nusu fainali." Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Wewe ndiye uliyecheka sana. Mimi nikajiona nimesema.

Kila Jumapili ulikuja kibandani ukakaa kwenye benchi, chai ya tangawizi mkononi, tukabishana hoja ile ile. Mimi na Mlimani yangu. Nilikuwa nasema ukubwa wa timu ni siku yake kubwa. Mlimani walicheza siku moja mpira ambao hata ng'ombe wa Igunga waliacha kula. Nikisema shuti lile lilichana wavu, likavuka barabara, mpira ukaokotwa Lusu kwenye shamba la mpunga ungali wa moto, wewe unauliza taratibu kama hakimu:

"Lusu ya Nzega?"

"Kwani kuna nyingine?"

"Na kiraka chako?"

"Kiraka kiko pale pale."

"Basi hapo nakuamini, shemeji."

Halafu unaendelea na chai yako. Hukuwahi kunikatalia kiraka. Wengine wote walinikatalia, hata waliokuwepo uwanjani.

Lakini hoja zako nazo zilikuwa na makali. Ulikuwa unaniuliza mwaka uliofuata Mlimani walishika nafasi ya ngapi. Najifanya natafuta spana. Walishika mkia. Na mwaka uliofuata huo? Hawakuleta timu kabisa, uwanja wao umeota majani, mbuzi wanalisha kwenye goli. Kombe lenyewe liko ofisini, wanawekea funguo. "Sisi," unasema, "hakuna timu inayokuja Bondeni ikalala usingizi usiku wa kuamkia mechi. Miaka yote hii. Hiyo si kitu?" Nakujibu si kitu, onyesha kombe.

Siku moja nilikupiga na ya mababu. Nikakwambia, "Shemeji, hapa kwetu zamani mtu aliyefika pwani mara moja alirudi anaimbiwa mpaka kufa kwake. Aliyefika Kilimatinde, nusu ya njia, mara kumi akarudia hapo, nani alimwimbia?" Nikaongeza kwamba babu yangu alibeba pembe mbili peke yake, na Mwarabu mwenye mali akiwa amekaa juu yake. Ukapuliza chai. Ukasema, "Mimi nimezaliwa huko pwani mnakokuimbia. Mtu akifika anaoga bahari, ananunua kaniki, anageuza. Siku moja tu. Safari yenyewe ni huku." Ukaionyesha kwa kikombe barabara ile ya mbele ya kibanda, walikopita wapagazi wote wale na mizigo yao, sasa kuna bodaboda na mwanamke anauza karanga.

Nikasema, "Kwa hiyo umetoka pwani kuja kutufundisha kutokufika?"

Ukasema, "Nimekuja kufundisha useremala."

Jibu la hilo nimelitafuta wiki zote hizi tano tangu uondoke.

Kuna kitu sikuwahi kukwambia. Mwaka ule mlipotolewa kwa penati kule Nzega, yule kijana wenu wa Urambo akapaisha ya mwisho, nilikuja Bondeni Jumatatu asubuhi mapema. Nilikuja kukucheka. Nilikuwa nimetunga maneno njia nzima, baiskeli yenyewe ilikuwa inacheka. Nikakukuta uwanjani peke yako na ndoo ya majivu ya jikoni, umeinama, unachora mistari. Mechi hakuna. Msimu umekwisha. Unachora mstari wa penati, unarudi nyuma, unautazama umenyooka au la, unafuta kwa kandambili, unachora tena. Nikageuza baiskeli kimya kimya. Jumapili yake nikakwambia nilikuwa na homa ndiyo maana sikuja kukucheka. Ukanipa pole. Ukaniletea malimao.

Halafu ukaanguka karakana, asubuhi ya kawaida, wanafunzi wako wanapiga randa. Walinipigia simu mimi kabla ya Tausi, wakisema, "Mjomba, njoo, mwalimu amelala chini." Nilikimbia na baiskeli ya mteja. Nilipofika walikuwa wamekufunika kwa koti lako la kazi, na mmoja wao alikuwa bado anapangusa vumbi la mbao kwenye viatu vyako.

Msiba wako ulijaa, shemeji. Nasema kweli, na unajua mimi kusema kweli kunanichosha. Walikuja waliocheza mwaka wako wa kwanza, sasa wana vitambi na shule wanazosimamia. Wakaja wa mwaka wa pili, wa tatu, kila mwaka ukaleta watu wake, kutoka Nzega, Igunga, Sikonge, Kigoma. Walikaa chini ya turubai kwa miaka yao, bila kupangwa na mtu. Kapteni wa Mlimani aliyeinua kombe alifariki mwaka juzi. Nilikwenda kumzika. Wenzake wa timu tuliwahesabu, walikuwa watatu.

Sasa jeneza likatolewa mlangoni, na sisi watani tukalizuia njia kama inavyotakiwa. Mimi ndiye mkubwa wa watani, tena nilikuwa nimevaa traksuti yako ya ukocha, ile ya bluu, na filimbi shingoni, ili nikuigize. Wote wakatulia. Mama yangu, mkweo, alikuwa amekaa mbele kabisa kwenye mkeka na wanawake wengine. Bibi mmoja akapaza sauti, "Mtani, sema naye!" Nikasimama. Nikasimama tu. Machozi yakawa yananitoka, sikuyafuta, yakaingia mpaka shingoni, na sikutoa neno. Mwishowe sheikh akasema tumpeleke marehemu, saa inakwenda. Watu wakapita kando yangu wakinigusa bega. Tangu hapo nikipita sokoni nasikia, "Yule mjomba maneno mengi, kumbe alimpenda mwenzake mpaka uchungu ukamfunga mdomo." Nimewaacha waseme hivyo.

Habari za mpira ninazo. Jumamosi iliyopita Bondeni wamecheza nusu fainali wakiwa na kitambaa cheusi mkononi. Wamefungwa moja bila. Shemeji, umekufa na bado mmetolewa nusu fainali! Hata kufa hakukukusaidia! Nilipiga kelele hiyo pale pale uwanjani, na wanafunzi wako wakageuka kunitazama, nikadhani watanipiga. Wakacheka. Mmoja akakaa chini kwenye nyasi, akafunika uso kwa jezi, mabega yakawa yanatikisika, sikujua anacheka au analia. Nikakaa karibu naye. Tukakaa mpaka wenzake wakamaliza kukusanya mipira.

Jumapili ikafika. Niliweka vikombe viwili bila kufikiri. Akaja jirani yangu fundi cherehani, akakaa kwenye benchi lako, nikampa chai yako, akaanza, "Mjomba, lakini Mlimani kweli walikuwa timu." Nikamwambia aondoe upuuzi wake hapa. Nikamtajia Bondeni, mwaka kwa mwaka, nani alicheza, nani aliumia, mlifungwa na nani na kwa bahati mbaya gani. Nilikuwa nazo zote kichwani. Sikujua kama ninazo. Ile siku ya kombe, nikiitafuta, naiona kidogo tu, jua, kelele, mpira mikononi mwangu. Jumapili zako naziona zote. Naona ulivyokuwa unachovya andazi na kulitazama kwanza kabla ya kula, kama mbao unayoikagua.

Sikwambii umeshinda hoja. Nikikwambia hivyo utakosa sababu ya kunisubiri. Ukifika mahali penye kivuli huko, nishikie nafasi kwenye benchi, mimi nitachelewa kidogo, nina baiskeli za watu. Tausi anakula, usihofu, na wanao nawaangalia. Mkweo kila swala anakutaja.

Ila kabla sijakunja karatasi, na wewe Tausi uliyekaa hapo unasikia, na mama unisamehe. Kilichonifunga mdomo siku ile si uchungu. Uchungu nilikuwa nao, Mungu anajua. Lakini wewe, shemeji, ulinenepa kwa mikono ya dada yangu, na mimi sina makalio. Nilipoinama kuligusa jeneza lako, kamba ya suruali yako ya ukocha ilikatika. Kukuigiza kunataka kurusha mikono yote miwili, na mikono yote miwili ilikuwa nyuma, chini ya koti, imeshika suruali. Maneno nilikuwa nayo, yote, tangu alfajiri. Niliogopa hata kupumua, mama yangu yuko mbele pale. Ndiyo maana machozi sikuyafuta.

Ni mimi shemeji yako, mjomba wa wanao.