Chuma Kilichoolewa Mara Mbili

Mama Rehema wangu,

Baridi ya huku Dallas inang'ata mpaka ndani ya koti. Jana Rehema kanipeleka kwa jirani yake mzungu, anakusanya vile vyuma vya mviringo vinavyokinga mkono kwenye panga za kale za Kijapani. Kasoma vitabu mpaka kipara, lakini kwenye kimoja, alama za nyundo kando ya tundu la kupitishia upanga zimemshinda! Nikamcheka: "Mzee, hapa wamelibana ili upanga mwingine uenee. Hiki kimeolewa mara mbili!" Rehema akatafsiri huku anaona haya.

Mzungu akanidaka mkono: "Profesa, baki hapa unisomee vyote!"

Mimi, mhunzi nisiyejua hata mlango wa darasa! Nimekataa. Kukishika tu, nikatamani moto wetu, na wewe unavukuta huku unanisema. Nakuja Jumamosi. Niwekee mkaa mkavu na maneno makali.

Mzee wako