Mwanangu Ameniuliza Kama Yeye ni Mjinga

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako kabla sijaivunja nyumba yangu kwa mikono yangu mwenyewe, maana hasira niliyonayo haina pa kwenda. Mimi na mume wangu Thanasis tunaishi Larisa, Ugiriki, tuna mtoto mmoja, Lefteris, wa miaka minne, na sote wawili tunafanya kazi, kwa hiyo tukirudi jioni mimi naingia jikoni na kufunga mlango, yeye anajitupa kwenye kochi, na mtoto anapewa simu atazame katuni ili tupumue. Sasa Pasaka tulikwenda kwa baba mkwe, mezani akamwambia Lefteris, "Mjukuu wangu, nipe yai jekundu la Pasaka tugonganishe, tuone la nani litapasuka," mtoto akamtazama tu, halafu akatoa maneno ya katuni kwa lugha ambayo hakuna mtu pale anayeijua. Wifi yangu Foteini, ambaye binti yake wa umri uleule alikuwa akizunguka meza akigawa uma na kutaja kila mmoja anakaa wapi, akasema, "Wifi, huyu mtoto mnamlea au mnamchaji?" Watu wakacheka, na Thanasis naye akacheka.

Njiani nilimwambia tumfundishe mtoto, akanijibu, "Shule ipo. Walimu wanalipwa kwa kazi gani?" Basi nikanunua kitabu cha herufi, kila jioni namkalisha Lefteris mezani, akikosea namkemea, akilia namwambia aendelee, na juzi alipoandika alfa, herufi ya kwanza, kichwa chini nilimnyang'anya kalamu nikamwambia hata binti wa Foteini anamshinda. Akaniuliza polepole, "Mama, mimi ni mjinga?" Sikumjibu. Tangu hapo akikiona kitabu anajificha nyuma ya pazia. Thanasis anasema nimemharibu mtoto, mimi nasema ni yeye, na sasa hatusemezani. Nani mwenye kosa?

Stamatia

Dada Stamatia,

Pole kwa uchovu, na pole kwa kejeli ile ya mezani. Huruma yangu inaishia hapo. Mtoto wa miaka minne amekuuliza kama ni mjinga, ukanyamaza, kisha unaniandikia kutafuta mwenye kosa? Leo hii, kabla hujala, mpakate umwambie: hapana, wewe si mjinga, mama alikosea. Usiongeze "lakini".

Kitabu kiweke kabatini. Unadhani binti wa wifi yako alifundishwa na kitabu? Kuna mtu anayemwachia uma azigawe na kumvumilia zikianguka. Fungua huo mlango wa jikoni. Mpe maharage achambue, nyanya aoshe, vijiko apange, vikubwa huku, vidogo kule, na uzungumze naye huku unakoroga. Atamwaga maji, yafuteni pamoja. Mkianua nguo, atafute soksi zinazofanana. Mkipanda ngazi, hesabuni. Wala huhitaji saa za ziada, unahitaji kuuma meno na kuvumilia. Zikipita wiki chache na bado haelewi anachoambiwa, mpeleke kwa daktari, masikio nayo yapimwe. Usingoje shule.

Sasa mpe mumeo asome. Thanasis, mwanao alichekwa, nawe ukacheka. Walimu wanalipwa, ndiyo, lakini hakuna atakayekuja kumwogesha wala kumsimulia hadithi kitandani. Kazi hiyo ni yako kuanzia leo, na simu zote, yako ikiwemo, zibaki juu ya friji mpaka alale. Akikuuliza jambo usilolijua, mwambie hujui, mshike mkono, mwende jikoni mkamuulize mama yake. Itabidi umsemeshe mkeo.